Kayamba la Matete Mabichi

Njegere ilikuwa nyuma ya hita, imekauka ikawa ngumu kama kokoto na vumbi limeivika koti zima. Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwa Baba na brashi mkononi, maana tulikuwa tunamhamisha kutoka kwenye nyumba aliyokaa tangu nikiwa mchanga, na niliisikia ikibingirika kabla sijaiona. Tirr kidogo, halafu kimya. Basi, mwanamke mzima mwenye watoto na mvi zake, nikahisi masikio yananichoma vilevile yalivyonichoma nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi hapo hapo Skärholmen, Uswidi.

Kuna watu utoto wao unanukia maandazi. Wangu unanuka matete mabichi yanayokaushwa kwa hita: tope la ziwa, majani yaliyooza, na juu yake lile joto kavu la nyumba za huku ambalo hukausha pua mpaka zinatoka damu. Kila vuli ikiingia, majani yakianza kuanguka, bomba zikianza kugongagonga ukutani kwa sababu maji ya moto yamefunguliwa, mimi harufu hiyo hunijia hata kama hakuna tete karibu. Na aibu nayo haikawii, inaingia bila kubisha hodi.

Baba yangu, Karisa, alikuwa na vidole visivyotulia. Alipiga meza, alipiga mfuniko wa sufuria, alipiga usukani wa gari tukiwa kwenye taa nyekundu. Alinibembeleza nilale kwa kunipigapiga mgongoni, na hata hapo hakupiga hivihivi, alipiga mdundo wenye kwenda na kurudi. Mama alikuwa akimuuliza, “Karisa, hiyo meza imekukosea nini?” Naye akijibu bila kuinua kichwa, “Naisalimia tu.” Kwao Kilifi, alisema, alikuwa mpiga kayamba, na harusi haikuanza mpaka afike. Kayamba lenyewe alimwachia kaka yake alipokuja Uswidi kusoma. Masomo yakageuka kazi, kazi yenyewe kiwanda cha malori kule Södertälje, zamu ya mchana wiki hii, ya usiku wiki ijayo, na vidole vikabaki na meza.

Mimi kayamba sikuwa nimeliona hata siku moja. Kwa hiyo nililitengeneza mwenyewe kichwani. Nilijua kwamba harusi haianzi bila hilo, basi lazima liwe kubwa. Nikaliona jeusi, linang’aa, lina miguu, na Baba amekaa nyuma yake amevaa suti. Sikumuuliza mtu. Mtoto anapojua jambo, anauliza ya nini?

Ninyi mliokulia huku mnazijua zile wiki za vuli shuleni. Tulikuwa tunaokota majani mekundu na ya njano, tunayabana ndani ya vitabu vizito, tunaimba nyimbo za majani hayo hayo huku nje kunaanza giza hata hatujala chakula cha mchana vizuri. Mwalimu wetu, Gunilla, ambaye sote tulimwita fröken, mwaka ule alitaka tusikie vuli badala ya kuichora tu. Akauliza nani nyumbani kwao kuna mtu anayepiga ala yoyote aje atupigie. Babu ya Elin alishakuja na kodiani. Mama yake Viktor alikuja na chelo, akatufanya tufumbe macho. Mimi nikanyoosha mkono mpaka bega likaniuma.

“Baba yangu anapiga kayamba.”

“Loo! Ndiyo ala gani hiyo, Kadzo?”

“Kubwa,” nikasema. “Kama piano, ila ya Kiafrika.”

Jamani. Mpaka leo nikikumbuka ile “ila ya Kiafrika” natamani nijifunike blanketi.

Nyumbani nikatangaza mezani, kwa Kiswidi, kama nilivyozoea kuwajibu wazazi wangu. Baba akaacha kutafuna. “Mimi? Niende darasani kwenu?” Mama akacheka akasema haya, mwanamuziki, sasa umepatikana. Lakini Baba hakucheka. Kiswidi chake kilikuwa cha kiwandani, cha funguo na boliti za injini, na kwenye mikutano ya wazazi alikuwa akikaa karibu na mlango, koti halivui. Mama ndiye aliyenieleza, nikiwa msichana mkubwa tayari, kwamba tangu afike nchi hii Baba hakuwa amesimama mbele ya Waswidi kusema lolote zaidi ya jina lake. Jioni ile, nilipokwisha kwenda kulala, alimwambia Mama hivi: “Nataka siku moja tu, pale shuleni kwake, Kadzo aonekane mtoto wa mtu.”

Mimi nilichokisikia ni kitu kimoja tu. “Kayamba sina,” alisema.

“Si utengeneze,” nikamjibu, kana kwamba namwambia achemshe maji.

Jumamosi tukashuka msituni kwenda ziwani, Baba, mimi na jirani yetu wa chini, Mzee Leonidas, Mrundi mmoja mpole aliyekuwa hapendi kukaa peke yake siku za mapumziko. Matete yamejaa ukingoni pale, marefu kuliko mtu, na kwa wakati ule yalikuwa yamegeuka njano yote. Baba alipoyaona akapiga makofi. Akavaa buti za mpira, akashika kisu cha Mama cha kukatia nyama, akaingia majini.

Mzee Leonidas alivunja moja, akalibonyeza, akalinusa. “Karisa,” akasema, “haya matete iko bado mabichi.”

“Mabichi wapi? Huoni rangi?”

“Rangi ni baridi imeyapiga. Ndani kungali maji. Weye ngojea.”

“Leonidas, mimi nimezaliwa kwenye matete bwana.”

“Ya kwenu,” akasema Mzee Leonidas. “Haya ni ya huku.”

Baba akaendelea kukata. Kwao tete likigeuka njano limekauka, mambo yamekwisha, unakata unatengeneza. Nani angemwambia kwamba kuna nchi ambapo jani hubadilika rangi kabla halijafa, na shina likabaki limebeba maji mpaka barafu ije iyatoe? Zaidi ya hayo fröken alikuwa amempangia aje Alhamisi, nayo ilikuwa karibu. Asingeweza kumwambia fröken asubiri barafu.

Nami sikuwa na habari na ubichi wala ukavu. Nilikuwa nashangaa piano inatokaje majini. Halafu nikasikia kengele ya baiskeli kwenye njia ya juu, nikageuka, Viktor na baba yake hao. Wamesimama, wanatazama. Baba yangu maji yamemfika magotini, kisu hewani, kichwa kimejaa manyoya ya matete. “Hej hej!” akawapungia kwa mkono ule ule wenye kisu. Nikajificha nyuma ya Mzee Leonidas, nikashika koti lake, nikaomba ziwa limmeze mtu, sikujali nani.

Kurudi ikawa balaa zaidi. Alibeba mzigo wa matete begani, akakatiza uwanja wa maduka Jumamosi mchana, watu wote wako nje na mifuko yao, na matone ya maji ya tope yanamfuata nyuma. Alikuwa anapiga mluzi. Nikabaki nyuma, nikajifanya nasoma matangazo madirishani, kama vile mtu yule na mimi hatujuani.

Lakini niseme kweli, kutengeneza kulikuwa kutamu. Tulitandika magazeti sebuleni. Aliyaegemeza matete kwenye hita ili yakauke haraka, na nyumba nzima ikaanza kunuka ziwa, Mama akafungua madirisha akitukana kwa Kitaita. Jioni Baba akayapima kwa kiganja, akayakata sawasawa, akayafunga kwa kamba ya katani, moja kando ya jingine, yamebanana, mpaka yakawa kama mkeka mdogo. Kisha mkeka wa pili. Katikati yake fremu ya ubao mwembamba. Sindano ya gunia alinipa mimi, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vidogo, na kila nilipoipitisha kamba alisema, “Vuta. Vuta tena. Ndiyo hivyo, fundi.” Mbegu za kwao hazikuwepo, basi akamwaga ndani njegere kavu za njano, zile Waswidi wanazopikia supu yao ya Alhamisi. Nyingine zikamponyoka zikaingia nyuma ya hita. “Ziacheni,” akasema, “zile ni za panya.” Akafunga ukingo wa mwisho, akainua.

Sijui nieleze vipi. Alilishika kwa mikono miwili, limelala, akaliinamisha kidogo tu, na njegere moja ikatambaa kutoka upande huu kwenda upande ule. Akangoja. Ya pili. “Kwetu ningewapigia mvua,” akasema, “lakini watoto hawa mvua wanaijua kunishinda. Nitawapigia majani.” Akaniambia kwamba asubuhi akisubiri basi la kwenda kazini huwa anayasikiliza. Kwanza linaanguka moja. Halafu kimya, mtu unafikiri yamekwisha. Halafu upepo unakuja. Basi akalipiga lile kayamba, dole gumba likigonga ubao wa katikati, na upepo ukaja kweli sebuleni kwetu, majani yakaporomoka yote, mti mzima, na mwisho likabaki moja tena, halina haraka. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi.

Nami nikauliza, “Ndiyo hii tu?”

“Ndiyo hii tu!” akasema Baba, uso wote umefunguka. Alifikiri nimeshangaa kwa furaha. Kumbe mimi nilikuwa natafuta miguu ya piano.

Akalitundika ukutani, juu ya hita, lisije likapata unyevu.

Siku zile kabla ya Alhamisi, yale matete yakawa yanakunywa joto mchana na usiku. Hakuna aliyeyagusa. Kama Baba angeligusa mara moja tu angejua, lakini alikuwa kwenye zamu ndefu, na akifika nyumbani alikuwa analitazama kwa mbali kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Maji yaliyokuwa ndani ya mashina yakatoka, mashina yakanywea, na kamba tulizovuta kwa nguvu zile zote zikabaki zimekumbatia hewa.

Alhamisi akaja. Alivaa suti yake ya harusi, ile ya rangi ya kahawa, na tai Mama ndiye aliyemfunga. Alilibeba kayamba ndani ya shuka la maua. Alipolifunua shuka, Viktor akaniegemea akaninong’oneza, “Piano iko wapi?” Masikio yalikwisha anza kunichoma.

Baba akasema jina lake. Akasema, kwa Kiswidi alichokuwa amekifanyia mazoezi bafuni wiki nzima, nilimsikia, “Hii ni vuli yenu, kwa mikono yangu.” Fröken akaweka mkono kifuani. Baba akainamisha kayamba, akatoa jani la kwanza.

Halikutambaa, lilianguka. Njegere ilipenya katikati ya matete, ikagonga sakafu, tak, ikaruka, ikaenda kusimama chini ya meza ya Elin. Baba hakuiona au hakutaka kuiona. Akatoa la pili, nalo likaanguka. Hapo ndipo alipouleta upepo. Alitikisa, na matete yakaachana kama meno yaliyong’oka, na njegere zote, kilo nzima nadhani, zikamiminika juu ya viatu vyake, chini ya meza, mpaka mlangoni.

Kisha Viktor akapiga kelele, “Ärtsoppa!” Supu ya njegere! Na ilikuwa Alhamisi, na ndiyo tuliyokuwa tumekula mchana ule kule chini, bado inatunuka midomoni. Darasa likalipuka. Watoto wakaangua kicheko, wakaruka kutoka vitini, wakatambaa sakafuni kwa mikono na magoti, wanasukumana, wanapiga mayowe. Na Baba yangu, ndani ya suti yake ya harusi, na yeye akacheka. Akapiga magoti katikati yao. Akaendelea kulitikisa lile kayamba tupu, matete yanagongana, kwakaa kwakaa, halafu akainua macho akatazama upande wangu.

Nikalala juu ya meza nikafunika kichwa kwa mikono. Sikutaka aone kwamba nimemwona.

Njiani nilitangulia. Yeye nyuma, na shuka lake chini ya kwapa. Majani yalikuwa yameloa na hayakutoa hata sauti. Tulipofika kwenye ngazi za jengo letu akaniita kwa upole. “Kadzo, umekasirika?”

Nikamjibu kwa Kiswidi, “Hapana.” Nilisema vile tunavyosema kufunga mlango.

“Pole, mama,” akasema.

Siku zilizofuata tumbo likaniuma, na tumbo la aibu linauma kweli, msidhani ni uongo. Mama akaniacha nyumbani mpaka likizo ya vuli ikaingia. Niliporudi shuleni nilikuta wamenipa jina: Ärtan, yaani Njegere. Liliniganda hadi natoka shule ya msingi. Kila walipoliita, hata kwa kunirushia mpira tu, nilimwona Baba yuko magotini.

Kisha barafu ikaja. Jumapili moja Baba na Mzee Leonidas walishuka ziwani bila mimi, wakarudi na mzigo mwingine wa matete, meupe sasa, mepesi, yanalia yenyewe mkononi. Hakuyaweka karibu na hita. Yalikaa roshani. Alifunga kayamba jipya peke yake, sindano hakunipa, sikuiomba. Lilipokamilika hukuweza kupitisha hata ukucha kati ya tete na tete.

Asubuhi moja tulikuwa katikati ya mtihani wa hesabu mlango ukagongwa. Fröken akafungua. Baba. Ametoka moja kwa moja zamu ya usiku, ana koti la kiwandani lenye mafuta, macho mekundu, na kayamba kifuani bila shuka. Akaanza kueleza, maneno yanamkwama, sasa nzuri, sasa haitoki, dakika kidogo tu. Fröken akamjibu kwa sauti ile ya huruma inayoua: asante sana, lakini leo tuna mtihani, labda siku nyingine. “Ja, ja,” akasema Baba. “Naelewa.” Lakini kabla ya kugeuka aliinua kayamba kidogo, akaliinamisha, jani moja likatambaa kutoka upande huu mpaka upande ule bila kudondoka. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilitazama karatasi yangu. Sikumbuki swali gani.

Kayamba lile likatundikwa ukutani, mbali na hita, na likakaa hapo utoto wangu wote, na ujana, na siku ya kuagwa kwangu nikiolewa, na matanga ya Mama. Nilisikia kwamba alikuwa analipiga na Wakenya wenzake na kina Mzee Leonidas kanisani, siku ambazo mimi sikwenda. Nyumbani, nikiwepo, halikushuka. Nilijieleza kwamba Baba aliumizwa na kile kicheko, na mtu akiumizwa na kitu humkumbushi. Nikaona hiyo ni heshima. Nikaishi na maelezo hayo vizuri kabisa.

Basi turudi kwenye brashi na hita. Nilikuwa bado nimepiga magoti, njegere kiganjani, Baba kwenye kiti chake nyuma yangu, muuguzi wa manispaa anayekuja kumpa Baba dawa ya macho akaingia. Mwanamke wa rika langu, mwenye asili ya Kikurdi, jina lake Rojin. Zamu hii ilikuwa yake kwa mara ya kwanza. Akavua viatu, akainua kichwa kwenye ukuta mtupu ambako lile kayamba tu lilikuwa halijafungwa, akasimama.

“Hapana,” akasema. “Siyo huyu. Huyu ndiye baba wa njegere?”

Nikamtazama vizuri. Rojin aliyekuwa akikaa karibu na dirisha, nywele hadi kiunoni. Naye akanitazama. “Ärtan!” akapiga kelele, akanikumbatia na kopo la dawa mkononi. Masikio yangu yakachoma, nawaambia, yalichoma.

“Unajua tulipigana kwa ajili ya zile njegere?” akasema. “Viktor alinisukuma nikagonga meno. Nilipata konzi nzima. Niliziweka ndani ya kiberiti, nikatikisa vuli nzima mpaka mama yangu akanitishia. Darasa zima tulikuwa na viberiti! Fröken aliacha kila kitu, wiki iliyofuata yote tulikuwa tunapiga majani. Wewe hukuwepo?”

“Nilikuwa mgonjwa,” nikasema.

“Ndiyo tukakupa jina. Ungedhani tungekupa lipi? Kila mtu alitaka kuwa wewe.”

Alimpa Baba dawa yake, akamshika mkono kwa muda mrefu, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine. Baba alibaki kwenye kiti chake, kichwa nyuma, matone yanamtiririka mashavuni. Nami nikakaa sakafuni miguuni pake. Miaka yote hiyo. Nilimwona mzee wangu anateketea akiwa peke yake, na kumbe moto haukuwepo. Nikaona lazima ajue, tena leo, kabla gari la mizigo halijafika. Sikio lake moja halisikii, nikasogea kwenye lile jingine.

“Baba. Kumbe siku ile shuleni hawakukucheka. Walifurahi. Rojin ameniambia. Walizigombania zile njegere.”

“Najua,” akasema Baba.

“Unajua?”

“Mama we, si nilikuwa palepale sakafuni pamoja nao? Watoto walikuwa wanacheka mpaka kamasi zinawatoka. Mmoja aliniuliza kama nitakuja tena kesho.” Akatabasamu, macho yamefungwa. “Haijapata kutokea mtu akashangilia njegere namna ile.”

“Sasa mbona njia nzima ulikuwa umenyamaza? Mbona hukulipiga tena? Mimi nilijua umeona haya.”

Akafuta mashavu kwa kitambaa, taratibu. Vidole vilikuwa vinagonga mkono wa kiti, nadhani hata hakujua.

“Mimi sikuwa nawaangalia wao,” akasema. “Nilikuwa nakuangalia wewe.”

Akangoja kidogo, akadhani labda sikusikia, akaongeza kama mtu anayemaliza maelezo madogo tu, “Hata siku ile ya mtihani. Sikumjia yule mwalimu. Nilikuletea wewe lililo zima.”

Nje upepo ulikuwa unayasukuma majani kwenye vioo vya roshani. Nikainuka. Nikalishusha kayamba ukutani, nikashangaa lilivyo jepesi, miaka yote hiyo nililiona zito. Nikamwekea mapajani.

“Nipigie, Baba.”

“Sasa hivi? Watu wa gari wanakuja.”

“Watasubiri.”

Alilipapasa kwanza, ukingo kwa ukingo, kutafuta kama kuna tete limelegea. Hakuna lililolegea. Akaliinamisha, na jani la kwanza likatambaa. Akangoja. La pili. Mikono inatetemeka siku hizi, kwa hiyo upepo ulikuja mapema kuliko zamani, lakini ulikuja, na mti mzima ukaporomoka katikati ya maboksi. Alikuwa amefungua macho. Alikuwa anapiga huku ananitazama usoni, kwa uangalifu, jambo nililomkataza bila kusema siku ile, na mimi nilijitahidi, Mungu anajua nilijitahidi, uso ukanishinda, ukajikunja kwa kilio.

Akasimamisha mikono kabla jani la mwisho halijafika chini.

“Kadzo,” akasema, “umekasirika?”

“Hapana, Baba,” nikamjibu, kwa Kiswahili. “Endelea.”